"Jicho kwa jicho" haikuandikiwa vijana wa usiku: hasira, kisasi na dai la haki katika Biblia

SWALI

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika kijiji kimoja wilayani Chamwino. Mwezi uliopita ng'ombe wa jirani waliingia shambani kwetu wakala mtama uliokuwa umeanza kutoa masuke. Mdogo wangu alipokwenda kuwatoa, vijana wawili wa huyo jirani walimpiga fimbo wakamvunja mkono, mpaka sasa amefungwa hogo. Jirani, ambaye anasali kanisa lingine, hajaja hata kutoa pole. Vijana wetu wamekaa kikao na wanasema usiku mmoja unatosha. Mmoja amenionyesha Kutoka 21, "jicho kwa jicho", kwamba Mungu mwenyewe ameruhusu. Sitaki kuficha, hata mimi nina hasira. Je, Biblia inaruhusu? Hasira yangu ni dhambi? Nifanye nini, maana nikisema "tusamehe" watanicheka? Na je, nijiuzulu uzee wa kanisa?

JIBU

Bwana asifiwe, mzee. Pole sana, na umfikishie pole mdogo wako.

Kwa kuwa kikao kimeshakaa, tuanze na la leo, maandiko yatafuata. Waite vijana wote kabla jua halijazama, akiwemo huyo wa Kutoka 21, uwaambie jambo moja tu: kesho saa mbili asubuhi unakwenda kwa mtendaji wa kijiji kufungua madai, na wawili kati yao watafuatana nawe. Chagua wale wawili wenye hasira kuliko wote. Usiwahubirie. Kijana anayejua kwamba asubuhi ana kazi ya kufanya mbele ya ofisi ana sababu ya kulala. Aliyeambiwa "tulieni, Mungu yupo" atakwenda kilabuni, na huko mpango utakamilika.

Sasa swali lako. Biblia haikuruhusu kulipiza kisasi, na wala haikulazimishi kunyamaza. Inakuruhusu kudai. Dai lina kiasi, lina shahidi na lina siku ya kwisha. Kisasi hakina hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na habari nyingi za kisasi katika Agano la Kale zinaonyesha hilo.

Kijana wako amesoma mstari, hakusoma ukurasa. "Jicho kwa jicho" iko Kutoka 21:24. Mstari wa 26 na wa 27 unasema mtu akimpiga mtumwa wake jicho likaharibika, atamwacha huru kwa ajili ya jicho lake, na akimng'oa jino ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mistari miwili tu baadaye, sheria ileile inataja jicho ambalo malipo yake si jicho. Kisha mrudishe nyuma kidogo, mstari wa 18 na wa 19, maana hapo ndipo ilipo kesi ya mdogo wako: watu wamegombana, mmoja amempiga mwenzake kwa jiwe au kwa ngumi, aliyepigwa hakufa ila amelala kitandani. Torati haisemi aliyepiga naye apigwe. Inasema alipe muda ambao mwenzake ameupoteza, na amwuguze mpaka apone kabisa. Mkono hauvunjwi. Gharama za matibabu na siku za kazi ndizo zinazolipwa.

Na shamba? Geuza ukurasa, Kutoka 22:5. Mtu akiacha mnyama wake akala shamba la mwingine, atalipa kutoka katika mazao bora ya shamba lake mwenyewe. Angalia neno "bora". Jirani hapaswi kukuletea mtama ulioliwa na wadudu ukasema amelipa. Sheria ya watu waliokuwa na mifugo na mashamba mahali pamoja, kama mlivyo ninyi, ililiona tatizo hili mapema sana.

Basi "jicho kwa jicho" inafanya kazi gani pale? Inaweka mwisho. Katika Mwanzo 4:23-24 Lameki anajigamba mbele ya wake zake, Ada na Sila, kwamba ameua mtu aliyemtia jeraha, na kwamba kama Kaini hulipiwa kisasi mara saba, yeye Lameki ni mara sabini na saba. Jeraha moja limezaa maiti moja, na bado mwenyewe anaona haitoshi. Sheria ikaja kusema: jicho moja lisizidi jicho moja. Ukitaka kujua nani aliambiwa maneno hayo, soma Kumbukumbu la Torati 19:15-21. Kwanza mashahidi wawili au watatu, kisha waamuzi wachunguze kwa bidii, ndipo linatajwa jicho kwa jicho. Ni kipimo cha hukumu, na kiko mkononi mwa mwamuzi. Kwa mtu binafsi Torati ina neno lingine, nalo liko Walawi 19:18: usilipize kisasi wala usiweke kinyongo, umpende jirani yako kama nafsi yako. Wengi wanadhani agizo hilo la upendo lilianza na Yesu. Lilianza pale, na limetolewa kuwa dawa ya kisasi.

Yesu katika Mathayo 5:38-42 analisogeza mbele zaidi kwa shavu la pili. Hapa ndipo vijana hucheka, wakidhani ameagiza uoga. Wasomee Yohana 18:22-23. Askari amempiga kofi mbele ya kuhani mkuu. Hakurudisha kofi. Hakunyamaza pia. Alimtaka aliyempiga aushuhudie ubaya aliousema kama upo, na kama amesema vema, aeleze kwa nini amempiga. Alidai ushahidi palepale, amefungwa mikono.

Paulo anafanya vivyo hivyo katika barua kwa Warumi, ila mgawanyo wa sura, ambao uliwekwa karne nyingi baada yake, hutupoteza. Tunasoma 12:19, "Wapenzi, msijilipize kisasi", tunafunga kitabu. Endelea mpaka 13:4, ambapo mwenye mamlaka anaitwa mtumishi wa Mungu anayemlipizia mtenda mabaya. Kazi imetolewa mkononi mwako ikapelekwa kwa mwenye ofisi, haikufutwa. Paulo mwenyewe alipopigwa bakora Filipi bila hukumu alikataa kutolewa kimyakimya, akataka wakuu wa mji waje wenyewe kuwatoa (Matendo 16:37). Baadaye alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11). Kwenda kwa mtendaji, na hata mahakamani, si upungufu wa imani. Lile la 1 Wakorintho 6, la ndugu kushtakiana, linahusu waamini wenye madai ya mali, na Paulo anauliza kama kweli hakuna hata mwenye hekima mmoja kati yao. Kwa kuwa jirani yako ana kanisa lake, mchungaji wake au katekista wake ni mtu wa kuhusishwa mapema. Nitalirudia.

Kuhusu hasira yako sitakaa sana. Yesu alikasirika (Marko 3:5), na papo hapo alikuwa anahuzunika kwa ugumu wa mioyo ya wale waliomkasirisha. Waefeso 4:26 inasema mwe na hasira, ila msitende dhambi, na jua lisichwe kabla uchungu haujawatoka. Lakini mwangalie Kaini katika Mwanzo 4:6-8. Mungu hakumlaumu kwanza kwa kukasirika. Alimwuliza, kwa nini una ghadhabu? Akamwonya kwamba dhambi inamwotea mlangoni. Kaini hakujibu neno. Mstari unaofuata yuko uwandani na ndugu yake. Yona aliulizwa swali la namna hiyo, naye alijibu kwa ukali na kwa ubishi (Yona 4), lakini alijibu, na mazungumzo yakaendelea. Kwa hiyo jipime hivi: ukiulizwa na mtu unayemheshimu "umekasirikia nini hasa?", unaweza kujibu kwa sentensi moja? "Nimekasirikia mkono wa mdogo wangu na kutopewa pole." Hasira yenye jibu unaweza kuipeleka ofisini. Ile isiyotaka kuulizwa ndiyo inayotafuta giza.

Habari ninayotaka uisome wewe peke yako, kabla hujawasomea vijana, ni ya Amnoni na Absalomu, 2 Samweli 13. Amnoni, mwana wa Daudi, alimbaka Tamari, dada yake wa baba mmoja. Mfalme Daudi aliposikia alikasirika sana (mstari wa 21), na kwisha. Hakuita mtu, hakuuliza, hakuhukumu. Absalomu, kaka yake Tamari, hakusema na Amnoni neno lolote, jema wala baya, miaka miwili mizima. Kisha akaandaa sikukuu ya kukata kondoo manyoya, akamwalika, akawaagiza watumishi wamuue akishalewa. Baada ya hapo alikimbilia Geshuri miaka mitatu, akarudi Yerusalemu akakaa miaka miwili bila kuuona uso wa baba yake, na mwisho akaasi. Katika vita hivyo waliangamia watu elfu ishirini (2 Samweli 18:7), Absalomu mwenyewe akiwa ameninginia kwenye mwaloni.

Wahubiri humlaumu Absalomu, na wana haki. Lakini mlango uliachwa wazi na mkubwa aliyekasirika bila kufanya kazi yake. Ndiyo maana "tusamehe" peke yake haitoshi kutoka kwako. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Usipolichukua dai likawa lako, litachukuliwa na kijana wa miaka ishirini na mbili, na ukimya wake usikudanganye kuwa ameshasahau.

Vijana wewe wasomee Samsoni, Waamuzi 14 na 15, kwa sauti, na mmoja ahesabu. Inaanza na kitendawili cha harusini chenye dau la mavazi thelathini. Wakamshinda kwa hila; akashuka Ashkeloni akaua watu thelathini apate mavazi ya kulipa. Akarudi kwao kwa hasira. Mkewe akapewa rafiki yake. Akarudi siku za mavuno ya ngano na mwana-mbuzi mkononi, akamkosa mke, akakamata mbweha mia tatu, akawafunga mikia wawili wawili na mienge katikati, akateketeza ngano, mizabibu na mizeituni. Wafilisti wakamchoma moto mkewe pamoja na baba mkwe. Naye akawapiga pigo kubwa. Wakapanda kuvamia Yuda, watu ambao hawakuwemo kabisa katika ugomvi huo, na watu elfu tatu wa Yuda wakaenda kumfunga ndugu yao wenyewe ili wamkabidhi. Kila upande unatamka maneno yaleyale: tumemtendea kama alivyotutendea (15:10-11). Waulize vijana: ni nani katika orodha hiyo alilipwa mali yake? Hakuna. Na mwanamke aliyechomwa ndiye yule aliyetishiwa tangu mwanzo kwamba asipolipata jibu la kitendawili atachomwa. Alichokuwa akikikimbia ndicho kilichomfika.

Sasa tufike kwenye sura ambayo ningependa muikalie muda mrefu zaidi, 1 Samweli 25, kwa sababu inaonyesha jinsi kisasi kinavyozuiwa kikiwa tayari njiani.

Nabali wa Maoni alikuwa na kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja. Watu wa Daudi, ambaye hakuwa mfalme bado, walikuwa wamekaa na wachungaji wake nyikani, hawakupotewa na kitu. Siku ya kukata manyoya Daudi akatuma vijana kumi kwa salamu nzuri kuomba chochote. Nabali akawatukana: Daudi ni nani? Siku hizi watumwa wengi wanawatoroka mabwana zao. Daudi akasema neno moja, kila mtu ajifunge upanga. Mia nne wakapanda, mia mbili wakabaki na vyombo. Akaapa kwamba hadi asubuhi hatabaki mwanamume hata mmoja wa Nabali. Na huyu ni Daudi yuleyule aliyemwachia Sauli hai pangoni katika sura ya 24. Mfalme aliyetaka kumuua alimsamehe. Tajiri aliyemtukana akataka kumfutia nyumba. Tusi dogo mara nyingi huchoma kuliko kosa kubwa, na wewe utaliona hilo kikaoni: watu watazungumza zaidi juu ya "hajaja kutoa pole" kuliko juu ya mkono.

Aliyeokoa nyumba ni nani? Wengi hujibu Abigaili, mke wa Nabali. Kabla yake kuna kijana mmoja, mtumishi wa Nabali, hata jina hakutajwa, aliyekwenda kwa bibi yake akasema ukweli wote pamoja na hili: bwana wetu hasemezeki (mstari wa 14-17). Upande wa jirani yako lazima yupo mtu wa namna hiyo, mama, shemeji, mchunga ng'ombe, anayejua kosa ni lao. Mtafute huyo. Huna haja ya kuanza na mwenye nyumba.

Abigaili akafanya haraka: mikate mia mbili, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kuandaliwa, vipimo vitano vya bisi, vishada mia vya zabibu kavu, mikate mia mbili ya tini, vyote juu ya punda. (Msomaji wa Dodoma ataelewa thamani ya zabibu kuliko wengi.) Mzigo ukatangulia, yeye akafuata nyuma. Hakumwambia mumewe. Alipomkuta Daudi alishuka upesi, akajitwika lawama, akakiri kwamba mumewe ni mpumbavu, kisha akatoa hoja moja ambayo Daudi hakuweza kuijibu: siku Bwana atakapokuweka kuwa mtawala, usije ukawa na hili la kukwaza moyo, kwamba ulimwaga damu bure na kujilipizia kisasi mwenyewe (mstari wa 31). Hakumwambia "huna sababu ya kukasirika". Alimwonyesha asubuhi ya baadaye.

Na Daudi akageuka, watu mia nne wakimtazama. Hilo ndilo gumu kwa vijana. Ndiyo maana wape njia ya kurudi bila aibu: waliokuwa wapiganaji wawe mashahidi. Jambo la mwisho katika sura hiyo, Abigaili aliporudi akamkuta Nabali amelewa hakumwambia lolote hadi kulipokucha. Nawe usipeleke madai jioni kwa mtu aliyetoka kunywa.

Sasa kazi yenyewe.

Kama jeraha bado halijaripotiwa polisi, liripotiwe kesho na ipatikane PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ijazwe hospitali alikotibiwa. Bila karatasi hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba mkono ulivunjwa na mtu. Tunza kila risiti, pamoja na nauli. Andika siku alizoshindwa kufanya kazi na kiwango cha kibarua hapo kijijini. Mfupa wa mkono wa mtu mzima huchukua wiki sita hivi au zaidi kushika, kwa hiyo hesabu isifungwe mapema. Kuvunja mkono ni jinai, na kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Usimwahidi jirani kwamba akilipa utaifuta, wala usiitumie kumtisha ili aongeze malipo. Dai la fidia lisemwe kivyake.

Shamba lipimwe na afisa ugani, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo, na jirani aalikwe hata kama hatakuja. Mwezi umeshapita, nyayo zimefutika, hivyo fanyeni wiki hii. Kwetu ekari huhesabiwa hatua 70 kwa 70. Kipande kilicholiwa kikiwa hatua 35 kwa 70, ni nusu ekari. Nendeni sehemu ya shamba hilohilo ambayo haikuguswa, afisa akadirie itatoa kiasi gani. Akisema gunia nne kwa ekari, hasara yako ni gunia mbili, debe kumi na mbili. Kama mtama umechipua tena na utatoa masuke, apunguze, usidai usichopoteza. Dai kwa debe kuliko kwa shilingi ikiwezekana, kwa maana bei ya leo na ya baada ya mavuno hazilingani, na tofauti hiyo ndiyo huzaa ugomvi wa pili.

Hapo kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Machipukizi ya mtama ulioliwa, hasa yakiwa machanga au yamenyauka kwa jua, yana sumu aina ya sianidi inayoweza kuua ng'ombe haraka. Ng'ombe wa jirani wakirudi humo wakafa, hakuna atakayeamini kwamba hukuwawekea sumu. Mtumie ujumbe mapema kupitia mwenyekiti kwamba shamba hilo ni hatari kwa mifugo. Kutoka 23:4 inakuagiza umrudishie adui yako ng'ombe wake ukimkuta amepotea. Kumwonya juu ya machipukizi hakuko mbali na agizo hilo, na pia kunakulinda wewe.

Kikao kiwe asubuhi, mahali pasipo nyumbani kwenu wala kwao, ofisi ya kijiji au kanisani kwao. Kila upande watu watano au sita, wakiwemo wanawake. Fimbo, rungu na sime zibaki nyumbani. Mwenyekiti aitangaze marufuku hiyo kabla, isiwe shutuma ya papo hapo. Mwombe mchungaji wa jirani awepo. Unapoanza, taja hasara kabla ya kosa: "Tumepoteza debe kumi na mbili za mtama, na mdogo wangu hajashika jembe tangu siku ile. Tumekuja kudai hayo." Ukianza na "vijana wako ni wahuni", baba yeyote atawatetea, hata anayejua ni wahuni. Mithali 15:1, jawabu la upole hugeuza hasira, ina maana hiyo ya kawaida kabisa. Mkikubaliana, iandikwe: kiasi, tarehe ya kulipa, mashahidi wawili kila upande, sahihi au dole gumba, muhuri wa mtendaji. Yakobo alipotaka kumtuliza Esau hakupeleka wanyama wote kwa mkupuo. Mwanzo 32 inahesabu 550, wakapelekwa kundi baada ya kundi na nafasi katikati. Malipo ya awamu si dharau. Yasiyo na tarehe ndiyo dharau.

Mambo yanayoharibu kazi hii nayajua kwa majina. La kwanza ni kuswaga ng'ombe mmoja wa jirani "kama dhamana". Siku hiyo wewe ndiye unakuwa mwizi wa mifugo, na mtama wako umesahaulika. La pili ni moto. Kuchoma nyumba kwa makusudi kunaweza kumfikisha mtu kifungo cha maisha, na ndani hulala watoto ambao hawakushika fimbo. La tatu ni kwenda kwa mganga ili jirani "aone". Wakristo wengi huliona jepesi kwa sababu halimwagi damu, lakini ni kisasi kilekile kilichokodishiwa mkono mwingine, na Kumbukumbu la Torati 18:10-12 inalifunga. La nne huonekana takatifu: kumwombea jirani mabaya kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, jina lake likitajwa. Zaburi ya 109 ina maneno makali kuliko yoyote utakayotunga, nayo imo ili mtu ampelekee Mungu uchungu wote na kuuacha huko. Isome chumbani peke yako. Ukiisoma mbele ya vijana inakuwa amri.

La tano nalichukia zaidi: upatanisho wa soda. Wachungaji wawili wanakuja, watu wanashikana mikono, wanaomba, wanapiga picha, hakuna aliyetaja mtama wala hospitali. Baada ya miezi mitatu yanatokea makubwa kuliko ya kwanza, na watu wanashangaa.

Kuhusu msamaha wenyewe. Katika Mathayo 18:23-35 mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi anamkaba mwenzake kwa dinari mia. Tunazoea kusema dinari mia ni kitu kidogo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku (Mathayo 20:2), hivyo mia ni zaidi ya miezi mitatu ya kazi. Yesu hakusema deni hilo ni la uongo. Unasamehe kitu ambacho kweli unadai, na ndiyo sababu kikao kitangulie: kiasi kikishajulikana na kukubaliwa, unaweza kusema "gunia moja nimekuachia", na msamaha huo utaonekana kwa macho. Lakini samehe kilicho chako. Shamba ni la familia, zungumzeni. Mkono ni wa mdogo wako. Usimsamehee mtu kwa niaba yake, na usimharakishe. Akisema leo hawezi, mwulize tena hogo likishafunguliwa.

Jirani akikataa wito mara mbili kwa maandishi, mtendaji aandike kwamba amekataa, nanyi mpeleke dai la fidia Mahakama ya Mwanzo na nakala za vipimo, risiti na PF3. Waambie vijana hatua hiyo tangu sasa, ili akikataa wasidhani njia imekwisha.

Na uzee wa kanisa, usijiuzulu. Mwombe mchungaji wako mbele ya baraza la wazee usikalie kiti katika shauri lolote la ugomvi hadi dai lenu litakapofungwa, maana watu watapima kila neno lako kwa mtama wako. Kazi nyingine za uzee endelea nazo. Siku malipo ya mwisho yakipokelewa na kuandikwa, mjulishe mchungaji urudi kwenye kiti, na nakala ya makubaliano abaki nayo yeye, usibaki nayo wewe.